Nyumba Juu ya Mchanga: Makazi ya Ufukoni na Mwendo wa Maji

Kiseke ni kata mojawapo ya Manispaa ya Ilemela, katika jiji la Mwanza. Ni mtaa wa vilima na mawe makubwa ya matale, na kwa miaka ya karibuni umejaa nyumba mpya. Sehemu yake ijulikanayo sana ni ile ya nyumba zilizojengwa na mfuko wa pensheni wa PPF. Jina hilo limebaki vinywani mwa watu, ingawa mfuko wenyewe uliunganishwa na mingine mwaka 2018 na kuzaa PSSSF. Mtu akipanda juu ya vilima vya Ilemela huliona ziwa likimeremeta chini, na si ajabu akitamani siku moja kuwa na nyumba kule kando ya maji.

Tamaa hiyo si ya watu wa Mwanza peke yao. Karibu na miji mingi mikubwa duniani, viwanja vya ufukoni ndivyo vya bei ya juu kuliko vyote. Upepo ni mwanana, mandhari ni ya kupendeza, na kelele za mji ziko mbali. Lakini bei ya kiwanja hupangwa na macho ya mnunuzi, na macho huona kilicho juu ya ardhi tu. Sayansi huuliza swali jingine: chini ya nyumba hiyo kuna nini, na je, kitu hicho kitakuwa pale pale baada ya miaka hamsini?

Makala haya yanaeleza jinsi ufuko unavyoumbwa na unavyohama, yakianza na makazi ya fahari yaliyojengwa juu ya visiwa vya mchanga, kisha yakirejea kwenye Ziwa Victoria na vilima vya Mwanza.

Kisiwa cha mchanga ni nini?

Visiwa viko vya namna nyingi. Kisiwa cha Saanane, kilicho mbele ya jiji la Mwanza na ambacho tangu mwaka 2013 ni Hifadhi ya Taifa, ni kichwa cha mwamba kilichochomoza juu ya maji. Mwamba huo umeshikamana na ardhi iliyo chini ya ziwa. Mawimbi yanaweza kuupiga kwa maelfu ya miaka bila ya kuusogeza hata hatua moja.

Kiko kisiwa cha namna nyingine kabisa. Katika pwani nyingi zilizo tambarare, bahari imerundika mchanga ukawa ukanda mwembamba na mrefu, unaokwenda sambamba na nchi kavu. Kati ya ukanda huo na bara hubaki wangwa wa maji yaliyotulia. Ukanda huo huzuia nguvu za mawimbi ya bahari kuu yasiifikie bara, na kwa hiyo unaweza kuitwa kisiwa-kinga. Upana wake aghalabu ni mita mia chache au kilometa chache, na kimo chake juu ya bahari mara nyingi hakizidi mita chache.

Kisiwa-kinga hakina mzizi wa mwamba karibu na uso wake. Ni mchanga uliopumzika kwa muda. Dhoruba kubwa ijapo, mawimbi huupanda ukanda huo, huubeba mchanga wa upande wa bahari na kuumwaga upande wa wangwa. Dhoruba ikitulia, kisiwa bado kipo, ila kimesogea kidogo kuelekea bara. Ndivyo kinavyojiokoa: hurudi nyuma bahari inapopanda. Kwa mtazamo wa kisiwa hapana hasara yoyote. Hasara humfika yule aliyejenga nyumba juu yake, kwa sababu nyumba haiwezi kurudi nyuma pamoja na mchanga.

Jinsi mchanga unavyosafiri

Ili kufahamu jambo hili, yapasa kutazama safari ya chembe moja ya mchanga. Mawimbi hayaufikii ufuko kwa kuuelekea moja kwa moja kila mara. Mara nyingi huja kwa mshazari, kwa kufuata upepo. Wimbi likipanda ufukoni huisukuma chembe kwa mshazari. Likirudi, maji huteremka moja kwa moja kwa kufuata mteremko, na chembe huteremka nayo. Wimbi la pili huirudia kazi ile ile. Kwa njia hiyo chembe hupanda na kushuka huku ikisogea upande mmoja, mithili ya meno ya msumeno. Mawimbi hupiga maelfu ya mara kila siku, na mchanga mwingi mno husafirishwa kando ya ufuko kwa mwaka.

Kwa hiyo ufuko unafanana na akiba ya dukani. Kila siku mchanga hutoka kwa upande mmoja na mwingine huingia kwa upande wa pili. Mchanga uingiao huletwa na mito na vijito, au humomonywa kutoka sehemu nyingine ya pwani. Maadam kiingiacho ni sawa na kitokacho, mtu huuona ufuko umetulia, japokuwa mchanga anaoukanyaga leo si ule aliokanyaga mwaka jana. Kiingiacho kikipungua, ufuko huanza kuliwa.

Hapa ndipo lilipo tatizo la kuta na vizuizi. Mwenye nyumba akiona ufuko wake unapungua, huweza kujenga ukuta mfupi wa mawe unaoingia majini ili unase mchanga unaopita. Ukuta hunasa kweli, na mbele ya nyumba yake mchanga huongezeka. Lakini mchanga ule ulikuwa safarini kwenda kwa jirani. Jirani akikosa mgawo wake, ufuko wake humomonyoka, naye hujenga ukuta wake, na hasara husogezwa kwa jirani wa tatu. Ukuta wa namna ya pili, ule usimamao sambamba na ufuko ili kuilinda nyumba, nao una dosari yake. Wimbi likiugonga hurudi kwa nguvu na kuuchota mchanga ulio mbele yake. Baada ya muda nyumba husalimika lakini ufuko hutoweka.

Miji ya fahari juu ya mchanga

Mji wa Galveston, katika jimbo la Texas nchini Marekani, umejengwa juu ya kisiwa-kinga. Mwishoni mwa karne ya 19 ulikuwa bandari tajiri sana. Sehemu yake ya juu kabisa haikufikia mita 3 juu ya usawa wa bahari. Tarehe 8 Septemba 1900 kimbunga kiliinua maji ya bahari zaidi ya mita 4, na kisiwa kizima kikafunikwa. Watu waliokufa walikadiriwa kuwa si chini ya 6,000. Baadaye wenyeji walijenga ukuta wa bahari wenye kimo cha mita 5 hivi, ambao sehemu yake ya kwanza ilikamilika mwaka 1904. Pia waliinua mji wenyewe: majengo yalipandishwa kwa jeki na chini yake ukamwagwa mchanga uliochotwa baharini. Ukuta uliukinga mji, bali ufuko uliokuwa mbele yake ukatoweka, kama ilivyoelezwa hapo juu.

Mfano wa pili ni Miami Beach, katika jimbo la Florida, ambako kisiwa-kinga kiligeuzwa kuwa makazi na mahoteli ya matajiri katika miaka ya 1910 na 1920. Mikoko ilifyekwa na tope likachotwa kutoka kwenye wangwa ili kupanua ardhi. Kimbunga cha Septemba 1926 kilileta hasara kubwa. Kufikia miaka ya 1970 ufuko ulikuwa umeliwa kiasi kwamba katika sehemu nyingi maji yaligusa kuta za mahoteli. Kati ya mwaka 1976 na 1981 mchanga ulichotwa kutoka chini ya bahari na kumwagwa ufukoni kwa urefu wa kilometa 16 hivi. Kazi ya kuongeza mchanga imebidi irudiwe tangu hapo, kwa sababu mawimbi hayaachi kuubeba. Katika miaka ya 2010 mji huo ulianza kuweka pampu na kuinua barabara zake, kwani maji kujaa peke yake, hata siku ya jua, yalikuwa yakitokea katika mifereji na kufurika mitaani.

Mfano wa tatu uko Afrika. Victoria Island na Lekki, makazi ya bei ghali ya jiji la Lagos nchini Nigeria, yako juu ya ukanda wa mchanga kati ya wangwa na Bahari ya Atlantiki. Katika pwani hiyo mchanga husafiri kutoka magharibi kwenda mashariki. Kati ya mwaka 1908 na 1912 serikali ya kikoloni ilijenga kuta ndefu za mawe kwenye mlango wa bandari ili meli zipite bila ya kukwama. Tokeo lake ni somo la vitabuni: upande wa magharibi wa kuta hizo ufuko ulinenepa, na upande wa mashariki, mbele ya Victoria Island, bahari iliula ufuko kwa muda wa karne nzima. Mchanga ulimwagwa hapo mara nyingi na kila mara ulichukuliwa. Mwishoni mwa miaka ya 2000 ulianza ujenzi wa mtaa mpya wa fahari uitwao Eko Atlantic juu ya ardhi iliyotwaliwa kutoka baharini, ukikingwa na ukuta mkubwa wa mawe na zege. Wakazi wa vijiji vilivyo mashariki zaidi, kama vile Okun Alfa, wamelalamika kwamba sasa bahari inawala wao.

Katika mifano yote mitatu, utajiri haukuusimamisha mchanga. Uliweza kununua muda tu, na katika mfano wa Lagos sehemu ya gharama ililipwa na watu wasiokuwa na nyumba za fahari.

Maziwe, Kunduchi na Shela

Pwani ya Afrika Mashariki haina visiwa-kinga virefu kama vya Texas, kwa sababu sehemu kubwa yake imeshikwa na miamba ya matumbawe. Hata hivyo sheria ya mchanga ni ile ile.

Mbele ya Pangani palikuwa na kisiwa kidogo cha mchanga kiitwacho Maziwe. Kilikuwa na miti, na kasa walipenda sana kutaga mayai katika mchanga wake. Miti ilikatwa, na kufikia mwisho wa miaka ya 1970 kisiwa kilikuwa kimetoweka. Leo hubaki fungu la mchanga lionekanalo maji yanapokupwa na kufunikwa yanapojaa. Wataalamu wanakutaja kukatwa kwa miti miongoni mwa sababu, kwa kuwa mizizi ndiyo iliyoufunga mchanga pamoja.

Kaskazini ya Dar es Salaam, katika fuko za Kunduchi, mmomonyoko ulikuwa mkali kuanzia miaka ya 1970. Soko la samaki na baadhi ya majengo ya Kunduchi yalichukuliwa na bahari, na hoteli ya Africana ikabidi iachwe. Miongoni mwa sababu zilizotajwa na wachunguzi ni uchimbaji wa mchanga wa kujengea katika vijito vinavyoingia baharini hapo. Jiji lilikuwa likipanuka na mafundi walihitaji mchanga. Kila gari la mchanga lililotoka kijitoni lilikuwa mgawo ambao ufuko hautaupata. Baadaye wenye mahoteli walijenga kuta fupi za mawe ili kunasa mchanga, na mgogoro wa jirani na jirani ukaanza. Funzo la Kunduchi ni kwamba ufuko huweza kuharibiwa na watu wasioishi ufukoni kamwe.

Huko Lamu, nchini Kenya, vilima vya mchanga vya Shela vinafundisha jambo jingine. Mvua ikinyesha juu ya mchanga huo hupenya na kukusanyika chini, ikielea juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi zaidi. Maji baridi yana uzito wa 1.000 na maji ya bahari yana uzito wa 1.025 kwa ujazo ule ule. Mwanafunzi akifanya hesabu ataona kwamba kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hushikiliwa na mita 40 hivi za maji baridi zilizo chini ya usawa huo. Kinyume chake ni cha hatari: visima vikishusha maji kwa mita 1, chumvi huweza kupanda mita 40. Mji wa Lamu umeyategemea maji ya Shela kwa vizazi vingi, na ndiyo sababu ujenzi wa nyumba za kifahari katika eneo hilo umezua mabishano makali.

Ziwa lisilotulia

Msomaji wa Mwanza anaweza kusema kwamba ziwa halina vimbunga vya bahari, wala maji kujaa na kupwa kwa namna ya bahari, wala chumvi. Ni kweli. Lakini Ziwa Victoria lina mwendo wake, nao ni wa polepole kiasi kwamba kizazi kimoja huweza kuusahau.

Ziwa hili lina eneo la kilometa za mraba 68,800 hivi, ila kina chake cha wastani ni mita 40 tu. Lafanana na sinia pana kuliko mtungi. Takriban sehemu nne katika tano za maji yaingiayo ni mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe, na sehemu inayokaribia hiyo hutoka kwa njia ya mvuke. Mto utokao ni mmoja tu, nao ni Mto Naili unaoanzia Jinja, Uganda, ambako bwawa la Owen Falls, sasa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Kwa hiyo mvua ikizidi kidogo kuliko mvuke kwa miaka michache mfululizo, ziwa hupanda. Mlango ni mwembamba na maji ni mengi. Ili kuliinua ziwa mita 1 yahitajika takriban kilometa za ujazo 69 za maji, na kiasi kama hicho hakiwezi kutoka upesi.

Mwishoni mwa mwaka 1961 mvua kubwa sana zilinyesha katika Afrika Mashariki. Kufikia mwaka 1964 ziwa lilikuwa limepanda kwa mita 2.5 hivi, na likabaki juu kwa miaka mingi. Mashamba, gati na nyumba vilifunikwa. Kisha ziwa lilishuka pole pole, na mwaka 2006, kutokana na ukame pamoja na maji mengi yaliyoachiwa kupitia mabwawa ya Jinja, likafikia usawa wa chini usioonekana kwa miongo mingi. Ufuko mpya ulifunuliwa. Aliyeuona kwa mara ya kwanza wakati ule angeweza kuamini kwamba hiyo ni nchi kavu ya siku zote.

Haikuwa hivyo. Mwishoni mwa mwaka 2019 sehemu ya magharibi ya Bahari ya Hindi ilipata joto kuliko kawaida, mvuke mwingi ukavumishwa barani, na mvua zikazidi. Mwezi Mei 2020 kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42, sentimeta moja tu juu ya kile cha mwaka 1964, ambacho kilikuwa mita 13.41. Usawa huo ukapitwa tena mwaka 2024. Katika nchi zote tatu maji yaliingia ndani ya nyumba, fuko za starehe, masoko na bandari. Karibu na Kampala, fuko za Ggaba na Munyonyo, zilizo maarufu kwa mahoteli na nyumba nzuri, zilifunikwa. Mwezi Aprili 2020 kisiwa kinachoelea cha mimea na udongo, kilichong'olewa ukingoni na maji, kilifika Jinja na kuzuia mitambo, na Uganda ikakosa umeme. Yaliyotokea mwaka 2020 hayakuwa maajabu mapya. Ziwa lilirudi mahali lilipokwisha kufika miaka 56 kabla.

Hesabu ya mita 60

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa la asili, mto au bwawa. Nchini Uganda kanuni za mwaka 2000 zinaweka mita 200 kwa maziwa makubwa, Ziwa Victoria likiwamo. Wapo wanaoona kwamba masharti hayo ni ya kuwanyima watu viwanja vizuri tu. Hesabu rahisi huonyesha maana yake.

Tuseme ziwa limepanda mita 2.5, kama lilivyofanya kati ya mwaka 1961 na 1964. Je, maji yatasogea kiasi gani barani? Jibu linategemea mteremko. Ikiwa ardhi hupanda mita 1 kwa kila mita 4, kama ilivyo penye miamba, maji yatasogea mita 10. Ikiwa hupanda mita 1 kwa kila mita 24, yatasogea mita 60 kamili, na eneo lote la sheria litakuwa limekwisha. Ikiwa hupanda mita 1 kwa kila mita 50, kama katika ghuba zilizo tambarare na zenye mchanga au mafunjo, yatasogea mita 125. Nyumba iliyojengwa kihalali, mita 70 kutoka majini, itakuwa ndani ya ziwa.

Mambo mawili hudhihirika. Kwanza, mita 60 ni kiwango cha chini. Mahali palipo tambarare, mwenye busara hujiongezea mwenyewe. Pili, swali la muhimu ni kwamba mita hizo zihesabiwe kutoka wapi. Anayepima mwaka ambao ziwa limeshuka hupima kutoka ufuko wa muda. Alama za kweli ni zile zilizoachwa na maji ya mwaka 1964, 2020 na 2024: mistari kwenye miamba, mpaka wa mchanga wa zamani, na kumbukumbu za wazee waliokuwa wakivua mahali ambapo leo pana ua wa nyumba.

Aidha, maji yakipanda hayafiki peke yake. Maji ya chini ya ardhi hupanda pia, na shimo la choo lililochimbwa nchi kavu hujikuta likielea. Uchafu huingia katika maji yale yale ambayo watu huyachota. Mafunjo yaliyofyekwa ili kufungua mandhari ndiyo yaliyokuwa yakivunja nguvu za mawimbi na kuchuja tope. Kwa hiyo mkazi mmoja anapofyeka ukingo wake, hupoteza kinga yake na ya jirani kwa pamoja.

Mwamba wa Mwanza na jukumu la vilima

Mtaa wa Mwanza unaofanana zaidi na makazi ya fahari yaliyosimuliwa hapo juu ni Capri Point, rasi iingiayo ziwani kusini ya katikati ya jiji. Hata hivyo rasi hiyo haikujengwa juu ya mchanga. Matale ya Mwanza ni ya kale mno, yakikadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na mawe ya mviringo yaonekanayo kila mahali ni mabaki ya mwamba uliochakaa taratibu kando kando ya nyufa zake. Nyumba iliyosimama juu ya mwamba kama huo haina hofu ya kuhamishwa na wimbi.

Lakini mwamba nao una sharti lake: haunywi maji. Mvua inyeshayo Shela hupenya mchangani. Mvua inyeshayo juu ya vilima vya Mwanza hukimbia juu ya mawe na kuteremka upesi, ikibeba udongo, taka na majitaka hadi ziwani. Ni vigumu kuchimba shimo la choo katika mwamba, na lililochimbwa kwa kina kifupi hufurika. Ndiyo maana katika baadhi ya vilima vya jiji yamewekwa mabomba mepesi ya majitaka yanayopita juu na kando ya mawe. Ikumbukwe kwamba Capri Point ndipo palipo mtambo ambao kwa miaka mingi umekuwa ukichota na kusafisha maji ya jiji, hata kabla ya mtambo wa Butimba kuongezwa katika miaka ya 2020. Kila kinachoteremka kutoka vilimani huongeza kazi na gharama ya kuyasafisha maji hayo.

Hapa mkazi wa Kiseke anaingia katika habari ya ufuko, hata kama hajawahi kumiliki kiwanja kando ya ziwa. Zege ya nyumba yake huhitaji mchanga, na mchanga uliochimbwa kijitoni ni ule ambao ungelilisha ufuko, kama ilivyokuwa Kunduchi. Uwanja wake uliosakafiwa huongeza kasi ya maji ya mvua. Udongo uliofukuliwa kwa ajili ya msingi, usipozuiwa kwa majani na matuta, hufika ziwani na kuitia tope milango ya vijito. Anayejenga kilimani na anayejenga ufukoni wamefungwa kwa kamba moja, yaani maji yateremkayo.

Majaribio ya darasani

Walimu wanaweza kuyaonyesha mambo haya kwa vifaa vichache.

Jaribio la kwanza. Chukua karai pana au sinia yenye kingo. Weka mchanga upande mmoja, uulaze kwa mteremko, kisha mimina maji mpaka yafike katikati ya mchanga. Kwa kipande cha ubao, sukuma maji taratibu kwa mshazari ili yafanye mawimbi. Baada ya dakika chache tazama mchanga umesogea upande gani. Sasa chomeka kijiti kipana katikati ya ufuko, kielekee majini, uendelee kusukuma. Wanafunzi wachore umbo la ufuko kabla na baada, na waeleze ni upande upi ulionenepa na upi uliokonda.

Jaribio la pili. Shule iliyo karibu na ziwa inaweza kupima mteremko wa ufuko. Tumieni kamba yenye alama za mita, na mpira mwembamba wa maji unaoonyesha ndani, kama ule watumiao mafundi kupimia usawa wa msingi. Pimeni kimo cha ardhi kila mita 10 kuanzia ukingoni hadi mita 100. Choreni grafu, kisha onyesheni maji yatakapofika yakipanda mita 1, mita 2 na mita 2.5. Ni majengo mangapi yaliyo ndani ya mstari wa mwisho? Wanafunzi wasiingie majini wakati wa kazi hii, kwa kuwa konokono wenye vijidudu vya kichocho hukaa katika maji ya kingoni.

Jaribio la tatu ni la shule za vilimani, Kiseke zikiwamo. Wakati wa mvua kingeni maji yanayoteremka kwenye mfereji katika chupa inayoonyesha ndani. Iacheni itulie kwa siku moja, mpime unene wa tope lililokaa chini. Rudieni mahali palipo na majani na mahali palipo wazi, mlinganishe.

Hitimisho

Ufuko si mstari uliochorwa mara moja kwenye ramani. Kwenye kisiwa cha mchanga, ardhi yenyewe husafiri. Kwenye Ziwa Victoria, maji hupanda na kushuka juu ya ardhi iliyotulia. Katika hali zote mbili, aliyenunua kiwanja kwa kutazama ufuko wa siku moja hununua asichokijua. Fedha huweza kujenga ukuta, kuleta pampu na kumwaga mchanga mpya, lakini kazi hiyo haina mwisho, na mara nyingi mzigo wake huhamia kwa jirani asiye na fedha.

Mwanza ina bahati kwamba sehemu kubwa ya makazi yake imesimama juu ya mwamba. Ghuba zake zilizo tambarare zingali zinaweza kuachiwa mafunjo, mchanga na maji yanapopanda. Wanafunzi wa leo ndio watakaokuwa mafundi, wapima ardhi, madiwani na wenye nyumba wa kesho. Wakijua kuusoma mteremko na alama za maji ya zamani, hawatahitaji kungoja ziwa liwafundishe.